Mwaka Tuliotoa Mafiga Nje

Basi lilisimama Ilula, na likisimama Ilula huoni tena barabara, unaona nyanya. Ndoo za nyanya, madebe ya nyanya, mikono yenye nyanya inayopenya madirishani hadi kukugusa pua. Siku ile ziliingia nyanya za kutosha kulisha jeshi na wapishi wake. Nilikuwa nabishana na muuzaji mmoja aliyetaka kunipa zilizobonyea kwa heshima ya mvi zangu, ndipo mama mtu mzima aliyejitanda ushungi mweupe akatua ndoo yake chini, akanikazia macho, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa dereva: "Wewe si Danieli? Danieli uliyenililia matanga nikiwa hai?" Abiria wakageuka wote kama shingo moja. Hakuwa mwingine ila Salma, mjukuu wa Bi Zuhura wa Ilomba, ambaye mara ya mwisho nilimwona akiwa ameng'oka meno ya mbele. Akapanda basi lile lile, akamhamisha jirani yangu kwa jicho tu, tukaongea mteremko wote hadi Ruaha Mbuyuni alikoshuka kwenda kwa binti yake anayelima vitunguu. Tulicheka hadi mbavu zikaomba msamaha. Alipokwisha kushuka, nikabaki na mwaka ule mzima mapajani pangu, na kusema kweli mpaka sasa sijaelewa vizuri nani alianza, nani alikosea na kwa nini watu wenye akili timamu tulifanya tuliyoyafanya.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, na mimi nilikuwa kijana wa Kihehe niliyekwenda Mbeya kutafuta elimu. Usicheke. Mchana nilipiga pasi ya mkaa barazani kwa Fundi Ambakisye, mshonaji. Magharibi ikiingia nakwenda shule ya watu wazima kusoma chini ya karabai, tukiwa wanafunzi wenye ndevu na wengine wenye wajukuu. Nilihitimu, tena vizuri, na tangu hapo najiita msomi wa karabai, maana nusu ya elimu yangu ni moshi. Nilipanga chumba mtaa wa Ilomba kwa Bi Zuhura, mjane ambaye wazee wake walitoka pwani na misafara ya biashara wakanogewa na baridi. Baridi yenyewe ya Juni ilikuwa hivi: unapiga chafya asubuhi, unaisikia adhuhuri. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia suruali, na ukuta usiofika darini, kwa hiyo kila neno la nyumba ile lilinifikia kama nilialikwa. Bi Zuhura alikuwa akipika wali wa Usangu kwa nazi iliyokuja na malori, maharage mazito, na asubuhi uji wenye pilipili manga wa kuamsha maiti. Nilikuwa mlokole wa Kilutheri nikila kwa mama wa Kiislamu, na sikumbuki siku hata moja tulipogombana kwa ajili ya Mungu. Tuligombana kwa ajili ya mbwa.

Asubuhi moja aliniwekea uji, akakaa kwenye kigoda, akasema kama anayesema nazi zimepanda bei, "Danieli, mwanangu, tunaletewa mbwa." Nikadhani nimesikia vibaya, kwa sababu mama yule akikutana na mbwa barabarani huinua baibui hadi kwenye vifundo na kupita upande wa pili. Mate ya mbwa ni najisi, udhu wake ulikuwa kitu alichokitunza kuliko dhahabu zake, na sasa ananiambia tunaletewa mbwa, tena mtoto, asiyejua adabu wala kibla. Nikamwuliza wa nini. Akasema kuna wezi. Jirani yetu Mama Tuntufye, Mnyakyusa mwimbaji wa kwaya, aliambiwa kuna kicheche anayemaliza kuku. Maalimu wa chuo cha Kurani, aliyepelekewa suala hili rasmi, aliulizwa kuhusu mbwa wa shamba, na shamba lenyewe Bi Zuhura hakuwa nalo, alikuwa na mistari michache ya mchicha. Nikawa na sababu nyingi na sikuwa na sababu.

Wewe msomaji nakupa bure kile nilichokuja kukielewa kwa kuunganisha maneno ya juu ya ukuta. Binti pekee wa Bi Zuhura alikuwa amefariki Iringa mwaka mmoja kabla, akaacha mtoto huyo Salma. Baba yake alikuwa migodini kusini, haijulikani atarudi lini. Mtoto alikuwa kwa shangazi yake, Bi Tatu, na Bi Tatu anaolewa. Hawezi kuingia kwa mume na mtoto wa kaka. Ndugu wa baba walioko Lindi wakasema wao wamchukue. Lindi kwa wakati ule ilikuwa mbali kuliko Uingereza. Mtoto akienda Lindi, bibi wa Mbeya hatamwona tena. Bi Tatu, mwanamke wa haki, akamtumia Bi Zuhura neno kwa mdomo wa dereva wa lori: nitamleta kwako kwanza. Akikubali kubaki, ni wako. Akikataa simlazimishi, maana tangu mama yake afe amelazimishwa mengi. Narudi naye na watu wa Lindi wanamchukua. Na neno la mwisho, ambalo dereva alilisema huku anakuna kichwa, ni kwamba mtoto ana kibwa alichokiokota sokoni, hali wala halali bila hicho, na pasipo kibwa asitegemewe kushuka garini.

Kwa hiyo tukaandaa nyumba. Nasema tukaandaa kwa sababu nilikabidhiwa kazi yote, kwa hoja kwamba mimi sina udhu wa kupoteza. Fundi Ambakisye alipopata habari hiyo aliacha cherehani ikajizungukia yenyewe. Nyote mnajua utani tunaotaniwa Wahehe kuhusu mbwa na sufuria. Akatangaza kwa kila mteja kwamba Bi Zuhura amempa fisi funguo za bucha. "Namwonea huruma huyo mbwa," akasema, "anafikiri anahamia Mbeya kumbe anahamia kwenye mchuzi." Nikamjibu kwamba afadhali mimi, mbwa akija kwa Mnyakyusa kama yeye angelishwa ndizi hadi aote mgomba mkiani. Akacheka, lakini jioni alinipa vipande vya kaki vilivyobaki, akavishona pamoja na kunirushia begani. Lilikuwa godoro la mbwa. Dogo, lenye mishono miwili kila upande kama sare ya askari.

Kibanda nilikijenga kwa matofali mabichi, na kilijengwa na kubomolewa mara nyingi kuliko mnara wa Babeli. Bi Zuhura alikuwa haamui. Kwanza kiwe kikubwa, mtoto naye atataka kuingia. Halafu kiwe kidogo, mtoto asije akaingia. Mlango utazame barabarani, mbwa amwone mwizi. Hapana, utazame dirisha la chumba cha mtoto, mtoto amwone mbwa. Akanituma nitafute bakuli lililochubuka, nikalileta, akalitazama, akasema si hilo, limechubuka mno, mgeni atajisikiaje. Nilipomwuliza mgeni yupi, akaondoka. Akachora mstari wa majivu kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, akasema mbwa asiuvuke, kisha upepo wa Mbeya ukaja ukauchukua, akachora tena, ukachukuliwa tena. Juu ya ukuta nilikuwa namsikia akiswali na baada ya swala akiongea polepole, si na Mungu, nadhani na binti yake. Siku moja nilimsikia anasema, "Hali na sisi, halali na sisi. Lakini na alale pema." Hadi leo sijui alikuwa anamsema mbwa au anamwahidi mtu kuhusu mtoto. Labda hata kwake vilikuwa vimechanganyika.

Sasa suala la mafiga. Salma alisema garini kwamba lilikuwa wazo langu, na Bi Zuhura, Mungu amrehemu, alikuwa anasema hivyo hivyo, lakini mimi nakumbuka tulifika pale pamoja kama watu wawili wanaosukumana kwenye tope. Nilimweleza, kwenye maongezi tu, kwamba kwa bibi yangu kule Kilolo mbwa mgeni hazururi, kwa sababu siku anayoingia anabebwa na kuzungushwa kwenye mafiga, moto ukiwaka, akapakwa masizi kidogo puani. Akishazungushwa anajua moto wake ni upi, hata umpeleke Dodoma atarudi. Nilisema kwa kujivuna, unajua msomi anavyosema mambo ya kwao. Bi Zuhura akaacha kuchambua mchele. Akauliza kama huwa inashindwa. Nikasema haijawahi, nikaongeza na mbwa mmoja aliyerudi kutoka Songea kwa miguu, ambaye huenda hakuwepo. Akauliza, na kwa watu? Nikasema kwa watu sijui.

Tatizo ni kwamba jiko la nyumba ile lilikuwa uani, na uani hakuna njia ila kupitia ukumbini, na ukumbini kuna msala wa kuswalia na mkeka wa wageni. Mbwa hawezi kufika kwenye mafiga bila kupita ndani, na ndani hapiti. Tulikaa tukitafakari kama mahakimu. Mwishowe mmoja wetu akasema, kama mbwa haendi kwenye mafiga, mafiga yaende kwa mbwa. Siku ambayo Bi Tatu na mtoto wangefika kwa basi, baada ya swala ya alasiri, nikayabeba mawe mawili hadi mbele ya nyumba, karibu na kibanda, na la tatu Bi Zuhura akalibeba mwenyewe, kanga kaifunga kiunoni, masizi hadi kwenye viwiko. Kuni zilikuwa mbichi. Ukatoka moshi ambao ungeonekana Tukuyu. Bi Zuhura akawa anapuliza, machozi yanamtiririka, kamasi anapangusa kwa ncha ya kanga, na mimi pembeni nafagia uwanja nikiwa kichwa wazi kwa sababu ya jasho. Tukabandika sufuria kubwa la wali, maana mgeni asikute moto mtupu.

Wewe kama ni mtu wa nyanda za juu umekwisha kuelewa, sisi ndio hatukuelewa. Mafiga mbele ya nyumba, sufuria kubwa, mwenye nyumba kajifunga kanga analia. Moto wa namna hiyo huwashwa kwa jambo moja tu, msiba. Mama Tuntufye akapita na mtungi, akaona, na alijua fika kwamba tunamngoja mtoto kutoka Iringa kwenye barabara ile yenye makorongo. Akaunganisha. Na kwao, kama kwetu, msiba hauanzi kwa maswali: ukiukuta unalia kwanza, kuuliza ni baadaye, tena kwa adabu, tena kwa mtu wa pembeni. Akatua mtungi, akaweka mikono kichwani, akatoa sauti ile ya kwaya. Kwa dakika chache wakaja wanawake wa Ilomba yote, Waislamu kwa Wakristo, na kuni vichwani na unga kwenye vitambaa, na mke wa Maalimu katangulia. Wote wanalia.

Bi Zuhura akainua uso kutoka kwenye moshi akawaona. Yeye naye akaunganisha. Akadhani habari imefika mjini na wao ndio wanaomletea. Hakupiga ukelele. Alikaa chini palepale kwenye majivu, akaangalia mikono yake, na mke wa Maalimu akamkumbatia akimwambia pole, pole dada, kazi ya Mungu, na kila pole aliyopewa ilikuwa ni ushahidi mwingine. Nilikuwa nimesimama na ufagio. Nilijua kwamba hakuna aliyekuja kutuambia lolote, lakini nikiangalia watu wote wale wanalia, nikajiuliza mimi ni nani nijue peke yangu. Nikalia. Nililia hadi kola ya shati ikalowa. Fundi Ambakisye akaja na mabenchi ya dukani, kafunga duka, hana utani hata chembe, akaninong'oneza kafia wapi. Nikasema njiani, nadhani. Gari limepinduka? Nadhani. Kabla sijapangusa macho nikasikia benchi la pili wanaambiana kwamba Danieli amethibitisha, gari limepinduka Chimala, na benchi la tatu dereva kaponea chupuchupu na anatafutwa. Nikaamini zaidi, maana sasa kulikuwa na maelezo.

Basi la Iringa likaja likasimama barabarani, mbele yetu kabisa, halina hata kioo kilichovunjika.

Akashuka mwanamke mrefu mwenye vumbi hadi kwenye kope, ndiye Bi Tatu, na nyuma yake kwenye ngazi ya basi akasimama mtoto wa kike mwembamba amekumbatia kapu, na kutoka kwenye kapu kimechomoza kichwa cha mbwa, mweupe, sikio moja limelala. Bi Tatu akatazama moto, akatazama mabenchi, akavuta ushungi na kumwuliza Mama Tuntufye aliyekuwa karibu kwamba nani amefariki. Mama Tuntufye, akifuta machozi, akajibu kwamba ni mtoto wa Iringa.

"Mtoto wa Iringa ni mimi," akasema Salma kutoka kwenye ngazi.

Nikasikia wali unaungua. Kisha mtu mmoja akacheka, nadhani ni Fundi, na kicheko kikakimbia kwenye mabenchi kama moto wa nyasi. Wanawake wakaanza kupigana mabega, wakauliza nani aliyesema, nani aliyeanza, na vidole vingine vikanielekea mimi. Mtoto peke yake hakucheka. Alikuwa ameona uwanja kama ule mwaka uliopita, na moto kama ule, na mara ile haukuwa mzaha. Akarudi ngazi moja juu. Akamwambia shangazi yake kwa sauti ndogo kwamba hataki hapa, hapa wanalia. Bi Tatu akamtazama Bi Zuhura kwa huzuni kubwa, akaanza kuinua sanduku alilokwisha kulishusha, kwa sababu ahadi ilikuwa ahadi. Utingo akashika mlango.

Bi Zuhura alikuwa ameinuka. Alipita katikati ya watu, kajaa majivu, akafika chini ya ngazi na kunyoosha mikono. Hakusema njoo. Mtoto akalikumbatia kapu zaidi na kurudi nyuma. "Shangazi anasema wewe hushiki mbwa," akasema.

Bi Zuhura akasema ni kweli.

Mtoto akafikiri. Nakumbuka alivyofikiri, midomo imeingia ndani kama ya kizee. Halafu akamtoa mbwa kwenye kapu, kumbe miguu ya nyuma ilikuwa myeusi hadi kiunoni, ndiyo maana akaitwa Suruali, akamnyoosha mbele. "Mshike."

Sijui kama nimewahi kuona uwanja wenye macho mengi hivyo. Mke wa Maalimu alikuwa hapo. Jua lilikuwa linashuka, swala ya magharibi iko mlangoni, na mama yule alikuwa amekwisha kutawadha mapema, namjua, hungoja na udhu wake. Akamchukua. Si kwa ncha za vidole. Alimchukua kama unavyopokea mtoto kwa mkunga. Suruali, ambaye hakujua lolote kuhusu madhehebu, akamlamba kidevu, shingo na mkono, akarudia kidevu. Bi Zuhura akafumba macho akamwacha. Kisha, nadhani aliona kwamba yaliyomwagika yamemwagika, akageuka na mbwa kifuani, akatembea hadi kwenye mafiga na kuyazunguka, taratibu, watu wakimpisha, akampaka masizi puani kwa kidole. Alipofika mwisho wa mzunguko alikuta kuna mtu anamfuata. Salma alikuwa ameshuka garini, ameshika ncha ya kanga yake, naye kazunguka.

Utingo akagonga ubavu wa basi, basi likaenda. Wali uliochukuliwa kuwa wa matanga ukaliwa na watu wote wale huku wanacheka, ukiwa na harufu ya kuungua, na hakuna aliyekubali kwamba ndiye aliyeanza. Bi Zuhura hakuwa amekaa kula. Alikuwa kaenda kando ya kibanda na ndoo, kakunja mikono ya nguo, anachota udongo palepale na kujisugua, kidevu, shingo, mikono, kwa sababu dini yake inasema alipolamba mbwa paoshwe mara saba na moja iwe kwa udongo. Niliinuka nimmiminie maji, nikakuta kata imekwisha kushikwa. Salma alikuwa anammiminia, kidogo kidogo, anahesabu kwa midomo. Alipofika mwisho aliishusha kata.

"Na kesho utamshika tena?"

Bi Zuhura akajipangusa uso. "Nitamshika," akasema. "Udongo upo."

"Na keshokutwa?"

"Salma, mjukuu wangu, huku ni Mbeya. Udongo wa Mbeya nitaumaliza mimi?"

Mtoto akaangalia chini, akaangalia milima, kana kwamba anapima kama utatosha. Kisha akainama, akachota maji mengine.